Ukiugua kwa sababu ya kazi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu moyo, nyumba na watu wanaokuzunguka

Kuhusu mapafu, ngozi, masikio na mgongo utaelezwa na daktari. Ukurasa huu unahusu yale ambayo hayaonekani kwenye picha ya eksirei: hasira, aibu, ukimya wa mezani, marafiki waliopotea. Majibu mengine ni marefu kuliko mengine kwa sababu maswali yenyewe hayalingani uzito.

Ugonjwa wa kazi unatofautianaje na ajali ya kazini?

Ajali ina tarehe, saa na mashahidi. Mtu ameanguka kutoka juu ya jukwaa, watu wamekimbia, damu imeonekana. Ugonjwa huingia polepole na hauna shahidi. Saratani inayoletwa na vumbi la asbesto, madini ya nyuzinyuzi, huweza kujitokeza miaka 20 hadi 40 tangu mtu alipolivuta, wakati kiwanda kimeshafungwa na msimamizi wa enzi hizo ameshazikwa. Ndiyo maana aliyepata ajali hupewa pole, na aliyeugua huulizwa maswali: Una hakika ni kazi? Hukuwa ukivuta sigara? Mbona fulani aliyekaa karibu nawe ni mzima?

Ukitazama hesabu, mambo yako kinyume na watu wanavyodhani. Shirika la Kazi Duniani linakadiria kuwa karibu watu milioni 3 hufa kila mwaka kutokana na kazi, na takriban milioni 2.6 kati yao huuawa na magonjwa. Ajali huua wachache zaidi, ila ndizo zinazotangazwa.

Kwa nini nina hasira namna hii? Nina ndugu anayeumwa ugonjwa mzito kuliko wangu, naye ametulia.

Ndugu yako ana ugonjwa. Wewe una ugonjwa na una mtu wa kumuuliza kwa nini. Kazi ile ilisomesha watoto wako, ulijivunia kuijua, pengine uliwafundisha vijana. Kusikia kwamba ndiyo iliyokuharibu ni kama kusikia kwamba rafiki wa miaka 20 alikuwa akikuibia.

Chini ya hasira hiyo mara nyingi hujificha kujilaumu. "Ningevaa barakoa." "Ningeacha nilipoanza kukohoa." Jiulize kwa haki: barakoa ililetwa? Ililetwa inayofaa kwa vumbi lile, au kitambaa tu? Ungeacha, ungekula nini? Kuna watu wanaobeba makosa ya wengine kwa sababu kujilaumu kunatoa angalau hisia kwamba mambo yalikuwa mikononi mwao. Ukweli kwamba hayakuwa mikononi mwako unauma zaidi, lakini ndio ukweli.

Nitajuaje kama ni huzuni ya kawaida au ni sonona?

Huzuni huja na kuondoka. Kuna asubuhi unacheka. Sonona hukaa. Iwapo kwa wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, moyo umekufa ganzi au hupati raha katika mambo uliyoyapenda, na pamoja na hayo usingizi umeharibika, hamu ya kula imebadilika, mwili mzito, fikra haikai mahali pamoja, unajiona huna thamani, nenda ukaonane na mhudumu wa afya na umwambie hivyo hivyo. Usiseme "nimechoka tu." Neno hilo limewapoteza wengi.

Shida ni kwamba ugonjwa wa mwili nao huleta uchovu na kukosa usingizi, hivyo daktari anaweza kuona vyote ni vya mapafu au vya mgongo. Kinachosaidia kutenganisha ni ile raha. Mtu mwenye kifua kibovu bado hufurahi mjukuu akija. Akiacha kufurahi, kuna jambo jingine.

Na si kila mwenye sonona hulia. Wengine huwa wakali, hugombana kwa sababu ya kijiko kilichopotea, au huanza kunywa pombe mapema kuliko zamani.

Wakati mwingine nawaza kwamba ingekuwa heri nife niwapunguzie mzigo.

Mwambie mtu leo, kwa maneno hayo hayo, kisha nenda kituo cha afya kilicho karibu au piga namba ya dharura ya nchi yako. Ikiwa tayari umeshafikiria njia, usikae peke yako, na kitu hicho kiondolewe nyumbani. Ukiwa wewe ndiye uliyeambiwa maneno haya, usibishane naye wala usimhubirie. Kaa naye, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua, na umsindikize. Kuuliza hakumtii mtu wazo ambalo hakuwa nalo.

Kuhusu huo mzigo: mtu aliyezoea kuleta chakula nyumbani hujipima kwa alicholeta. Familia haimpimi hivyo. Ila mara nyingi hakuna aliyemwambia, kwa kudhani anajua.

Je, kemikali zenyewe zinaweza kuvuruga akili, au yote haya ni mawazo?

Zinaweza, na swali hili huulizwa kidogo mno. Zebaki inajulikana kwa hilo tangu zamani: watengenezaji wa kofia za manyoya huko Ulaya waliokuwa wakiitumia walipata mitetemo, aibu isiyo na sababu, hasira za ghafla na kusahau. Katika karne ya 19 wafanyakazi wa viwanda vya mpira waliovuta mvuke wa kemikali iitwayo kaboni disalfaidi walipatwa na wazimu wa kweli. Wachimbaji wa madini ya manganizi wameonekana wakicheka na kulia bila mpango kabla miguu yao haijaanza kukakamaa. Risasi, yaani yale madini yanayotumika kwenye betri, huleta uchovu, wepesi wa kukasirika na usahaulifu. Thina na viyeyushi vingine vya rangi, vikivutwa miaka mingi bila hewa ya kutosha, hudhoofisha kumbukumbu na kubadili tabia.

Kwa hiyo mke anayesema "huyu si yule niliyeolewa naye" huenda anatoa taarifa ya kitabibu. Mwandikie daktari orodha ya vitu ulivyofanyia kazi, hata kama ni majina ya kwenye makopo tu. Mwaka 1700 daktari Bernardino Ramazzini wa Italia alichapisha kitabu juu ya magonjwa ya wafanyakazi, akawasihi wenzake waongeze swali moja kwa kila mgonjwa: unafanya kazi gani? Zimepita zaidi ya karne tatu, na bado wapo wanaotibiwa miaka bila kuulizwa. Usingoje kuulizwa.

Nimeambiwa ugonjwa wangu "uko kichwani."

Maumivu ya mgongo, ya viganja, mzio unaokuja na kuondoka, kizunguzungu: haya hayaonekani kwa macho, na vipimo vingine hutoka safi. Kutoaminiwa ni jeraha la pili juu ya lile la kwanza. Watu wakitilia shaka maumivu yako, unaanza kuyaonyesha kwa nguvu zaidi bila kukusudia, unachechemea kidogo zaidi mbele yao, nao wakikuona siku nzuri umesimama wima wanasema umewadanganya. Sasa unaogopa hata kuwa na siku nzuri. Mtego huo ni wa kweli, wala si dalili kwamba wewe ni mwongo.

Andika siku zako kwa ufupi, nzuri na mbaya zote. Daftari lenye siku nzuri huaminika kuliko lenye mbaya tupu. Na kumwona mwanasaikolojia hakuthibitishi kwamba ulikuwa ukijifanya. Maumivu ya muda mrefu huchosha akili ya mtu yeyote, na akili iliyochoka huongeza maumivu.

Madai ya fidia yananichosha kuliko ugonjwa wenyewe. Ni mimi tu?

Hapana. Kudai fidia kunakulazimisha kufanya mambo mawili yanayopingana. Ili upone, unatakiwa uhesabu unachoweza. Ili ulipwe, unatakiwa uhesabu usichoweza, ukihesabu mbele ya wageni, tena na tena: daktari wako, daktari wa bima, karani, mwanasheria, baraza. Kila mmoja anaanza upya: "Tueleze ilivyokuwa." Kuna watu ambao kwa miaka hawakusimulia kitu kingine chochote juu ya maisha yao.

Halafu kuna barua. Bahasha moja huweza kuharibu wiki. Wengine huacha kuzifungua, muda wa kujibu ukapita, na haki ikapotea kwa sababu ya hofu ya karatasi.

Yapo mambo machache yanayosaidia kweli. Mpe mtu mmoja unayemwamini kazi ya kufungua bahasha. Tenga siku moja ya wiki kwa mambo ya madai, na siku zilizobaki faili likae kabatini. Si unafiki, ni kupumua. Simulia yote mara moja kwa maandishi, yenye tarehe, kisha uwape nakala wanaouliza. Nenda kwenye uchunguzi ukiwa na mwenzako, maana mtu mwenye wasiwasi husikia nusu tu ya anayoambiwa. Chama cha wafanyakazi, kama kipo, mara nyingi kina mtu aliyeshapita njia hiyo.

Na jambo moja ambalo mawakili hawalisemi: ushindi hauleti furaha unayoitarajia. Wapo waliolipwa, wakarudi nyumbani wakalia. Walikuwa wakisubiri mtu aseme "tulikosea," wakapewa hundi.

Msongo wa kazi wenyewe unaweza kuhesabiwa kuwa ugonjwa wa kazi?

Inategemea sheria ya nchi yako. Kimataifa, Shirika la Kazi Duniani liliingiza matatizo ya akili na tabia katika orodha yake ya magonjwa ya kazi mwaka 2010, yakiwemo madhara ya kiwewe. Nchi nyingi bado zinasuasua. Ule uchovu mkuu unaotokana na msongo wa kazi usiodhibitiwa, Shirika la Afya Duniani linautambua kama hali inayohusiana na kazi, lakini halijauita ugonjwa. Tofauti hiyo yaonekana ndogo mpaka uipeleke kwenye dawati la bima.

Saa nyingi za kazi nazo haziumizi hisia tu. Mashirika hayo mawili yalikadiria kuwa mwaka 2016 watu 745,000 walikufa kwa kiharusi na maradhi ya moyo yaliyohusishwa na kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki.

Mume wangu haongei. Nifanye nini?

Mchuma janga hula na wa kwao, na hapa janga lenyewe hakulichuma yeye. Nyumba nzima inaugua kwa namna yake. Wewe umeongeza kazi ya uuguzi juu ya kazi zako, pengine na ya kutafuta pesa, na hakuna anayekuuliza umelalaje. Yeye anakuona ukifanya yaliyokuwa yake: kubeba, kulipa, kuamua. Anashukuru na anachukia kwa wakati mmoja, halafu anaona aibu kwa kuchukia, basi ananyamaza.

Kumkalisha chini na kumwambia "tuzungumze" mara nyingi hakufanikiwi, hasa kwa mwanamume aliyezoea kuzungumza huku mikono ikifanya kazi. Zungumzeni mkitembea, mkimenya, mkitengeneza kitu, bila kutazamana. Usimnyang'anye kila jukumu kwa huruma. Mwachie maamuzi, hata kama kazi ya mikono hawezi tena: hesabu za nyumba, masomo ya watoto, mazungumzo na fundi.

Kuna pia chumba cha kulala. Kukosa pumzi, maumivu, dawa na sonona vyote hupunguza hamu na uwezo, na mume na mke kila mmoja anadhani mwenzake amemchoka. Mwulizeni daktari bila kuona haya; baadhi ya dawa zinaweza kubadilishwa.

Wanawake wanaougua kazini hukutana na jambo jingine. Ugonjwa wao huchukuliwa kuwa umetoka nyumbani, na kazi za nyumbani hazipewi likizo ya ugonjwa. Mikono iliyoharibiwa na dawa za usafi kazini inatarajiwa kufua jioni.

Nawe tafuta mtu wako wa kumweleza. Asiwe yeye.

Watoto waambiwe nini?

Ukweli, kwa kipimo cha umri wao. Wadogo hudhani wao ndio waliomkasirisha baba. Waambie wazi: baba ameumizwa na vumbi la kazini, si ninyi, na akikasirika si kwa ajili yenu. Wakubwa huanza kujifanya watu wazima kabla ya wakati, wanaficha mahitaji ya shule. Ulizeni kabla hawajaacha kuomba.

Nilileta sumu nyumbani kwenye nguo zangu. Nitaishije na hilo?

Hili ni zito kuliko mengine yote kwenye ukurasa huu. Inajulikana kwamba wake waliofua nguo zenye asbesto, bila kukanyaga kiwandani, wamepata saratani ya utando wa mapafu, na kwamba watoto wamepata sumu ya risasi kutoka kwenye viatu na nywele za wazazi wao. Hukujua. Waliopaswa kujua ni waliokupa kazi bila kukupa bafu, kabati la nguo na mtu wa kuzifua hukohuko.

Hatua ya kwanza si msamaha, ni vipimo: wapeleke wa nyumbani wakachunguzwe, na mwambie daktari sababu. Kujua, hata kukiwa kubaya, hutibika kuliko kubuni usiku. Baadaye tafuta mshauri nasaha, kwa sababu hatia ya namna hii haiondoki kwa kuambiwa "si kosa lako," hata ukiambiwa mara mia.

Wenzangu kazini wamenikwepa tangu nilipoanza kuugua.

Sababu si moja. Wengine wanaogopa kuambukizwa, ingawa vumbi haliambukizi (ila mwenye silikosisi, ugonjwa wa mapafu unaoletwa na vumbi la mawe, ana hatari kubwa zaidi ya kupata kifua kikuu, kwa hiyo apimwe). Wengine wanakuonea gere kwa kupewa kazi nyepesi. Wengine wanaogopa kwamba madai yako yatafunga kiwanda na wao wakose mshahara, hofu ambayo baadhi ya mameneja huilisha kwa makusudi. Lakini sababu ninayoiona kuwa kubwa ni hii: wewe ni kioo. Wamevuta vumbi lile lile. Kukutembelea ni kujitembelea.

Mmoja akija, usimsimulie vipimo kwa saa nzima. Atarudi.

Nilichukia kelele za pale, sasa nazikosa. Kwa nini?

Kwa sababu kazi hutoa zaidi ya mshahara. Mwaka 1933 mtafiti Marie Jahoda na wenzake walichapisha utafiti kutoka Marienthal, kijiji cha Austria ambako kiwanda cha nguo kilikuwa kimefungwa. Mtu angetarajia waliopata muda mwingi wautumie. Badala yake wanaume walitembea polepole zaidi, waliacha kubeba saa, na vitabu vilivyoazimwa maktaba vilipungua. Baadaye Jahoda alieleza kwamba kazi humpangia mtu siku, humkutanisha na watu nje ya familia, humpa lengo la pamoja na wengine, humpa hadhi na humshughulisha.

Ugonjwa ukikutoa kazini, unanyang'anywa yote hayo kwa mkupuo, halafu unaambiwa "pumzika." Basi jaza moja moja. Anza na saa: kuamka na kuvaa muda ule ule, kutoka nje kila siku, hata kama ni hadi kona ya njia.

Nimepoteza usikivu kwa mashine. Hilo nalo ni la kisaikolojia?

Sana. Asiyesikia vizuri huonekana mwenye kiburi au mjinga; hucheka mahali pasipochekesha, huchoka kwa kukisia, mwisho haendi tena harusini wala msibani. Kwa wengine mlio masikioni hauzimi hata usiku. Waambie watu wakutazame usoni wanapozungumza, na utumie kifaa cha kusikia mapema kabla hujazoea upweke.

Nirudi kazini lini?

Si lazima usubiri kupona kabisa, wala usirudi penye chanzo kile kile. Mtu akikaa nje muda mrefu, kurudi kunazidi kuwa kugumu, zaidi kwa hofu kuliko kwa mwili. Kurudi kwa saa chache, kazi iliyobadilishwa na tarehe ya kutathmini pamoja hufaulu zaidi kuliko kurudi kwa kishindo siku ya Jumatatu. Mwenye pumu iliyoletwa na unga au rangi ya kupuliza, hata chembe kidogo yaweza kumwangusha. Huyo ahamishwe, asijaribiwe.

Kuhamishwa huko nako kunaumiza. Fundi wa miaka 30 akikalishwa getini kuandika majina ya wageni, amepewa mshahara na kunyimwa jina. Aulizwe kwanza, pengine afundishe.

Mimi ni kibarua, sina mkataba. Haya yote yananihusu?

Zaidi ya watu bilioni 2 duniani wanafanya kazi zisizo rasmi, kwa hiyo wewe ndiye wa kawaida. Tunza unachoweza: picha za mahali, majina ya waliofanya kazi nawe, ujumbe wa simu wa kuitwa kazini, karatasi za zahanati. Msongo wako una sura yake: huwezi kuugua siku moja bila kukosa chakula, basi unauficha ugonjwa, na mficha maradhi kilio humfichua. Vikundi vya kuweka akiba na vya wagonjwa wenzako hufanya kazi mbili, pesa na masikio.

Mimi ni msimamizi. Nikimpigia simu mfanyakazi anayeumwa, niseme nini?

Mpigie mapema, katika wiki ya kwanza. Usiulize atarudi lini. Muulize anaendeleaje, mshahara umeingia, kuna karatasi anayohitaji. Usiseme "hata mimi mgongo unaniuma." Kama sehemu ile bado ina vumbi, mweleze unafanya nini kulipunguza, hakuna salamu atakayoithamini kuliko hiyo.

Naenda kumtazama rafiki anayeumwa. Tuzungumze nini?

Si ugonjwa tu. Kama alikuwa mwashi, muulize kwa nini ukuta wako wa uani unapasuka. Atakueleza kwa dakika 20, akipumzika katikati kuvuta pumzi, na wewe utakuwa umepata ushauri wa bure.